Muzee wa Kipushi alikosa mwangaza: ginsi ya kutia rangi na kivuli mu mustari wa tayari

Picha ya kwanza, nkambo aliikataa. Hakusema kama ni mbaya. Alishika telefoni karibu na macho, akaigeuza huku na huku, kisha akamurudishia mujukulu wake.

— Uyu njo nani?

— Ni weye, nkambo.

— Miye? Hapana. Na hii taa iko ku kaske, inamulika wapi?

Tuko Kipushi, kilometa kama 30 toka Lubumbashi, mu lupango ya familia moja. Muzee alifanya kazi ku fond mpaka mwaka wa 1993, wakati mine ilisimama. Mujukulu ni binti wa miaka 19. Alimaliza sekondari, hajapata kazi, na ana telefoni yenye kioo kilichopasuka ku kona. Kwa ile telefoni anatia rangi mu picha za watu. Wanamulipa dola 5 kwa mutu mumoja, dola 10 kama watu ni wawili ao kama nyuma yao kuna vitu vingi. Mbele ya siku kuu ya kazi, tarehe 1 Mei, ndipo anapata watu wengi: wafanyakazi wanapenda kujiona na kaske na salopeti ku tishati.

Tulienda kumuuliza namna anafanya, sababu mu makambi mengi watoto wanakesha juu ya kazi kama hii na wazazi wanazani ni muchezo tu. Lakini ile siku yeye mwenyewe alikuwa na shida. Picha ya nkambo ilikuwa na kila kitu, macho, mikono, boti. Ila muzee hakuwa ndani.

Mustari ni moja, watu ni wengi

Tuanze na neno. Vijana wanaita «baze». Ni muchoro wenye mistari mieusi tu: kichwa, vidole, mikunjo ya nguo, vyote viko, lakini ndani hakuna rangi. Mutu fulani ameuchora vizuri, akauweka ku intaneti ili wengine wautumie. Wewe unaupokea, unaamua ngozi, nywele, nguo, na pale unakuwa na mutu wako wa hadisi. Wanaotunga michezo ya video na vitabu vya picha wanaupenda sana mufano huo. Mutu yule yule utamuona na salopeti ya buluu, kisha ya rangi ya machungwa, kisha na mvi, bila kuchora upya hata mustari moja.

Kwetu jambo hili si geni. Mu miaka ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi walikuwa wakichora picha moja mara nyingi juu ya kitambaa cha mufuko wa unga: mamba muntu, ao ile yenye jina Colonie belge. Mpango wa picha ulibaki ule ule, rangi na vitu vidogo vidogo vikabadilika, na picha ikaenda kutundikwa ku ukuta wa salon ya mufanyakazi. Tshibumba Kanda Matulu, mwenye kujulikana kuwashinda wengine, ni wa ile hewa. Yeye alipita mbali: alichora historia ya inchi yote, picha kama 100, ambazo mutafiti Johannes Fabian alizitia nyuma mu kitabu.

Ku Ulaya nako, kutenga mustari na rangi ni kazi ya zamani. Hadisi ya Tintin mu Congo ilitoka mwaka wa 1930 na 1931 na mistari mieusi bila rangi. Mu 1946 Hergé aliichora tena na kuitia rangi. Wakati ule mustari mweusi ulikaa peke yake juu ya karatasi ya kupenya mwangaza, na rangi zikapakwa ku karatasi nyingine yenye mustari uliofifia sana. Wakiweka moja juu ya ingine, picha inakuwa kamili. Kama rangi imeharibika, mustari uko salama.

Ile karatasi ya kupenya, telefoni imeichukua na kuipa jina: kalke. Binti wetu anatumia programu ibisPaint, ambayo inaingia bure ku telefoni. Mwenye ordinateri anaweza kuchukua Krita, nayo ni ya bure. Kazi inaendelea hata kama mega zimekwisha. Ila kuran, ile ndiyo adui, sababu telefoni ikizima katikati ya kazi unaweza kupoteza saa nzima.

Namna anafanya

Mustari anauweka juu kabisa, ku kalke yake mwenyewe. Kama baze imekuja na karatasi nyeupe nyuma, anaibadilisha hali ya ile kalke, anachagua «Multiplier», maana yake kuzidisha. Hapa hesabu ya darasa la tatu inafanya kazi. Mu telefoni mweupe ni 1, mweusi ni 0. Rangi yoyote mara 1 inabaki vile ilivyo, kwa hiyo mweupe unapotea. Rangi yoyote mara 0 inakuwa 0, kwa hiyo mustari mweusi unabaki mweusi. Tulimuomba aturudilie mara mbili, na tuliona kwa macho: karatasi nyeupe ilitoweka, mustari ukabaki.

Chini ya mustari anaweka rangi ya kwanza, bila kivuli. Kila kitu na kalke yake: ngozi moja, salopeti moja, kaske moja, boti moja. Wengi wanavivu hapa, wanatia yote pamoja, na kesho mutu akisema «hapana, salopeti yetu ilikuwa ya buluu» wanaanza upya. Yeye anafungua tu kalke ya salopeti.

Kumimina rangi na chombo cha ndoo kuna hatari yake. Kama mustari una tundu hata moja dogo, rangi inatoka na kujaza picha yote, sawa maji yanaingia mu galeri kwa ufa wenye hakuna mutu aliona. Anatafuta tundu, anaziba, anamimina tena. Tena anapanua kidogo eneo la rangi, pikseli moja ao mbili, ili iingie chini ya mustari. Bila vile kunabaki uzi mweupe kati ya rangi na mustari, na ku tishati ule uzi unaonekana mbali.

(Juu ya ile buluu ya salopeti: wauza rangi wanaita buluu fulani «kobalti», na mutu wa Kolwezi anaweza kushangaa, sababu kobalti yetu ikitoka mu udongo ni nyeusi. Mufaransa Thénard ndiye alipata mu 1802 namna ya kuipika na alumina mpaka ikawa buluu. Mu kioo cha telefoni hakuna unga wowote, ni mwangaza na hesabu. Kobalti iko nyuma, mu batri.)

Nyuma ya rangi kunakuja kivuli, na ni hapa picha ya nkambo ilianguka.

Mwangaza unatoka wapi?

Baze nyingi zinachorwa na kutiwa kivuli sawa mutu amesimama inje muchana: jua juu ku kushoto, kivuli ku kuume. Binti alifuata ile desturi. Akatia kivuli chini ya kidevu, ku ubavu wa kuume wa pua, chini ya mukono. Kisha akaweka taa ku kaske, akaipaka manjano, akaichorea mishale ya mwangaza mbele. Vizuri. Ila nyuma ya muzee alikuwa ametia giza la galeri. Sasa lile jua la ku kushoto limetoka wapi?

Muzee hakujua kalke wala pikseli. Alijua fond.

— Kule chini hakuna jua, mwana. Mwangaza unatokaka ku kichwa yako, unaenda mbele. Weye mwenyewe, sura yako haionekanaka. Njo mwenzako anakumulika, paka pale utamuona macho.

Akamutuma alete taa ya mukono, wakangoja usiku, kuran ilikuwa imekatika. Akavaa ile kaske ya zamani, akasimama mbele ya ukuta wa nyumba. Kwa kweli: taa ikimulika ukuta, uso wake unapata tu mwangaza unaorudi toka ukuta, dhaifu, tena wenye rangi ya ukuta. Mutu mwingine akimumulika toka pembeni, nusu ya uso inatoka yote kwa nguvu, nusu ingine inapotea, na ukingo wa kaske unatupa kivuli kikali ku paji la uso. Binti alichukua foto sita.

Kisha akafuta kivuli chote, lakini rangi ya chini hakuigusa, na ile ndiyo faida ya kutenga kalke. Akaamua mambo mawili. Mwangaza wa nguvu unatoka kwa mwenzake, ku kuume, chini kidogo. Na mwangaza dhaifu unarudi toka jiwe ku kushoto. Akafungua kalke mupya juu ya ngozi, akaifunga ku ile ya ngozi ili kivuli kisitoke inje ya mupaka, akaiweka nayo ku Multiplier.

Kuna vivuli viwili, na wanaoanza wanavichanganya. Kile cha mutu mwenyewe, pale shavu linageuka taratibu na kuacha mwangaza: ukingo wake ni laini, unafutwa na burashi ya moshi. Na kile kitu kimoja kinatupa juu ya kingine, kaske juu ya paji, kidevu juu ya shingo: ukingo wake ni mukali. Ukilainisha vyote, mutu anakuwa sawa mupira. Ukikaza vyote, anakuwa sawa ubao uliokatwa na shoka.

Ngozi yetu na ile kalamu ya roze

Shida ya pili ilikuwa ngozi, na hapa nilitaka kukaa kidogo.

Mu kisanduku cha kalamu za rangi za masomo kulikuwa moja yenye jina «couleur chair», rangi ya mwili. Ilikuwa roze. Mwili wa nani? Hatukuuliza, tulikuwa watoto. Baze nyingi zinakuja vile vile: pembeni ya muchoro, mwenye kuchora ameweka rangi ndogo ndogo za mufano, ngozi tano ao sita, nne zikiwa za Wazungu, na kivuli kimechaguliwa juu ya zile. Ya mwisho ni kahawa moja tu, ya watu wote weusi.

Ile hadisi ya Tintin niliyotaja ina jambo hilo hilo, tena kwa ubaya: Wakongomani wote ndani wana mweusi wa namna moja na midomo mikubwa, huwezi kutofautisha mutu na ndugu yake. Mukongomani mumoja aliipeleka mbele ya tribinali ku Bruxelles mwaka wa 2007, na mu 2012 tribinali ikakataa maombi yake. Mwenye kutia rangi leo ana jibu lake mukononi, hahitaji wakili.

Binti wetu, kwanza, alipaka ngozi ya nkambo kahawa iliyokoza, kisha akatia kivuli na mweusi. Matokeo: makaa. Uso ulikufa. Mweusi ukiuweka juu ya kahawa unakula uekundu wote, na ngozi yetu ndani yake ina wekundu, ina manjano, wengine wana hata buluu.

Sasa anafanya hivi. Rangi ya ngozi ya muzee ni 141 ya nyekundu, 85 ya majani, 54 ya buluu. Telefoni inahesabu kila moja toka 0 mpaka 255. Kivuli hakipaki na mweusi, anachagua move yenye majivu: 150, 130, 170. Ukizizidisha unapata 83, 43, 36. Ni giza, ndiyo, lakini giza lenye damu ndani. Upande wenye kupata mwangaza wa jiwe, anatia kidogo sana rangi ya majani iliyofifia, sababu muzee alimuambia ile galeri ilikuwa na madoa ya malakite. Na mwangaza wa nguvu: ngozi nyeusi inangaa kuliko nyeupe, zaidi sana yenye jasho. Kwa hiyo juu ya shavu na ku ncha ya pua anaweka alama ndogo za mwangaza, kali, si nyingi. Mutu akiwa inje muchana, zile alama zinachukua buluu ya mbingu. Tazama mutu wako wa karibu saa sita ya muchana, utaona.

Jambo la mwisho ni mustari wenyewe. Kama uko ku kalke yake, unaweza kuupaka rangi nao. Juu ya ngozi anaubadilisha unakuwa kahawa nzito pahali pa mweusi, na uso unalainika mara moja. Ku kaske na boti anauacha mweusi.

Dola 40 ambazo hazikuja

Kama ingekuwa rangi tu, tungemalizia hapa. Lakini mu mwezi ule binti alipoteza kazi, na si juu ya rangi.

Imprimeri moja ya mujini ilimuomba picha ya muchimbaji kwa afishi. Dola 40. Alichukua baze nzuri, akaitia rangi siku tatu, akapeleka. Mwenye imprimeri aliona chini ku kona jina dogo la mutu mwingine, akauliza. Binti, kwa ukweli wake, akasema mustari si wake. Wakaenda kusoma pamoja kanuni za mwenye kuchora: unaweza kutumia bure, utaje jina langu, usifute saini, usiuze. Usiuze. Ile neno aliipitia haraka, sababu kanuni zilikuwa mu kiingereza.

Mwenye imprimeri alikataa kulipa, na siwezi kusema alikosa. Ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya muchoraji inchini mwetu, naye ni yeye angebeba mashitaka, jina lake ndilo lingekuwa chini ya afishi. Ila tulisikia kwamba ile afishi ilitoka nyuma na picha yenye kufanana kabisa, rangi tu zimegeuzwa. Tukiacha hapo.

Baze ziko namna nyingi. Kuna zile za bure kwa vyote, hata kuuza. Kuna za bure lakini si kwa biashara, na ndizo nyingi. Kuna zenye kununuliwa, dola mbili tatu, na haki ya kuuza iko ndani. Mwenye kuziandika alama za Creative Commons anaweka herufi: ukiona NC, biashara hapana. Hata tishati za dola 5 ni biashara, na binti alikuwa ameuza nyingi mbele ya kujua. Alituambia bila kuficha, akitazama chini.

Kwa hiyo akafanya yenye alikuwa anaogopa: akachora mustari wake mwenyewe. Alitumia zile foto sita za usiku. Muzee amesimama, mukono moja ku ukuta, kaske imeinama kidogo. Vidole vilimusumbua wiki nzima. Ku baze vidole vinakuja tayari, mutu hajui bei yao. Mustari wake si laini sawa ule wa kwanza. Ku bega unatetemeka kidogo. Aliuchora mukubwa, 2480 kwa 3508, ndiyo karatasi A4 ya kuchapa, ili siku ya afishi isitoke na vumbi vumbi. Na akajaribu kuchapa mbele, sababu buluu inayongaa ku kioo, ku karatasi inafifia.

Picha ya pili nkambo aliishika muda murefu. Akasogeza kidole juu ya kioo, picha ikakua, akashituka, binti akamurudishia.

— Sasa ni miye. Lakini boti haiko hivi. Boti ya fond inakuwaka na matope mpaka hapa.

Akaonyesha katikati ya mugulu. Binti akafungua kalke ya boti, akatia matope pale pale. Muzee aliona ginsi boti imebadilika na vyote vingine vimebaki, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama na mutu anaweza kubadilika vile.

— Anaweza, nkambo. Ngozi, ndevu, yote.

Basi akaanza kutaja watu wa posti yake. Mumoja alikuwa mwekundu sawa udongo wa kichuguu. Mwingine mweusi ti, na kovu ku nyusi. Mwingine mufupi, pale binti akasema urefu haubadiliki na rangi, atapunguza mustari. Wengine walienda Kolwezi, wengine wamekufa, wa mumoja hakuna hata foto ku familia. Mine ya Kipushi imeanza tena kutoa zinki mwaka wa 2024, na watu wa sasa wana kaske za namna ingine. Muzee alisema mara mbili: zetu zilikuwa hivi, usiweke za leo.

Watu ni kumi na wawili. Siku tulirudi kuwaona, binti alikuwa amefika ku wa ine, na muzee alikuwa amekaa pembeni yake na kiti, anabishana juu ya rangi ya ndevu.